Kigeugeu, tete, kuyumba au kubadilikabadilika: uchague neno lipi?

Anayetaka kusema kwamba kitu fulani hakikai katika hali moja ana maneno mengi ya Kiswahili mbele yake, na hapo ndipo anapokwama. Bei ya dagaa ni kigeugeu au inayumba? Hali ya mgonjwa ni tete au inabadilikabadilika? Kijana aliyeacha ushonaji akaingia useremala, kisha bodaboda, ni kigeugeu, ni mwepesi wa kubadilika, au anajua kwenda na hali?

Kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha nyaraka za watu hapa Ngamiani, Tanga: barua za maombi, taarifa za vikoba, mihtasari ya mikutano, majibu ya wazazi kwa walimu. Maneno haya hayapiti siku nyingi bila kuja mezani kwangu. Mara nyingi neno lililoandikwa halina ubaya wowote, ila limewekwa pasipo pake. Na neno la aina hii likikaa pasipo pake, humtia mtoto doa, au huwapandisha ndugu basi usiku bila sababu, au humfanya mweka hazina aonekane mwizi. Yote matatu nitayafikia.

Tunapima kwa nini

Kabla ya kulinganisha, yapo mambo manne ya kujiuliza juu ya kila neno.

La kwanza: ni nani au ni nini kinachobadilika? Mtu ana nia na ahadi. Bei, presha na upepo havina nia.

La pili: je, neno linabeba lawama? Yapo maneno yanayoeleza tu, na yapo yanayohukumu hata kama mwandishi hakukusudia.

La tatu ni mpangilio, yaani kama mabadiliko hayo yana zamu yake inayojulikana au hayana. Hili wengi hulipita, na mimi naliona ndilo zito kuliko yote. Tazama bahari yetu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Hakuna kitu kinachobadilika kwa bidii kuliko hicho. Hata hivyo, nahodha mmoja mzee niliyekuwa namchapia barua ya kikundi chake alikataa katakata sentensi iliyosema bahari ni kigeugeu. "Futa hiyo, mwanangu," aliniambia. "Bahari ina saa zake. Asiyezijua ndiye anayeisingizia."

Nilifuta, na alikuwa na haki. Pepo nazo ni hivyohivyo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu baada ya hapo hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Hizo ni pepo zinazopokezana, na mtu hupanga safari kwa kuzifuata. Katikati yake ndipo penye maleleji, majira ambayo watu wa mwambao huyaita pia tangambili: upepo mara huku, mara kule, na chombo huweza kutweka kwenda upande wowote. Nahodha yuleyule aliyeitetea bahari hatakataa ukimwambia kwamba pepo za maleleji zinabadilikabadilika. Kaskazi na kusi hubadilishana, maleleji hubadilikabadilika. Kitenzi kilekile kimenyambuliwa kwa njia mbili, na hali zinazoelezwa ni tofauti kabisa.

La nne: neno lina makazi gani? Barazani, gazetini, kwenye taarifa ya kikundi, kwenye kitabu cha shule? Na je, linakubali kuwa jina la hali bila kukwaruza sikio?

Sasa tuyapitie yenyewe.

Kigeugeu

Hili ni neno la watu kwanza. Linatoka kwenye kugeuza, na mrudio wake unasema kwamba kugeuka huko si kwa mara moja. Leo yuko huku, kesho kule, keshokutwa amerudi. Likitumika kwa mtu hufuata upatanisho wa watu, "kigeugeu huyu", "vigeugeu hawa", na jina la hali yake ni ukigeugeu. Hapo halina taabu yoyote ya kisarufi.

Lawama yake ni nzito. Ukimwita mtu kigeugeu hujasema tu kwamba amebadili mawazo. Umesema hana neno, asiaminiwe. Mtu aliyebadili msimamo mara moja, baada ya kupata habari mpya, si kigeugeu. Mpangilio nao haupo, na hata ukiwepo ni ule wa kufuata faida yake mwenyewe.

Linao ndugu, na hao nao hawafanani. Kauleni ni mwenye kauli mbili, anayesema hili hapa na lile pale. Kosa lake liko mdomoni. Ndumilakuwili hahami upande mmoja kwenda mwingine, bali yuko pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo kumwita kigeugeu ni kumpunguzia. Bendera fuata upepo hana hila nyingi; anakwenda na mwenye nguvu wa siku hiyo. Kinyonga ni sitiari tu, na kwa kweli naona anaonewa. Milima ya Usambara mkoani kwetu ina vinyonga wa aina nyingi, wakiwemo wenye pembe tatu, na rangi zao hubadilika kwa joto, kwa mwanga, na kwa kuonyeshana hali walizonazo. Hawamdanganyi mtu. Lakini sitiari imeshazama katika lugha na msomaji ataielewa mara moja.

Mahali ambapo neno hili hudhuru ni kwenye karatasi zinazohifadhiwa. Mama mmoja alinijia na ripoti ya shule ya mwanawe, ameikunja mara nne, kidole kimekaa juu ya mstari wa maoni ya mwalimu. Mstari ulisema: "Ni mtoto mzuri lakini kigeugeu." Aliniuliza, "Sasa mwanangu ameongopa nini?" Tukatazama alama pamoja. Hesabu ilikuwa juu sana muhula wa kwanza na chini sana muhula wa pili. Sayansi vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa anazungumzia alama, na neno alilolichagua likazungumzia tabia. Mama akaenda kumwona, na ripoti ikaandikwa upya: "Maendeleo yake hupanda na kushuka, afuatiliwe kazi za nyumbani." Ni maneno mengi zaidi, lakini yanamwambia mzazi la kufanya.

Basi kigeugeu linamfaa nani? Anayeandika makala ya maoni kuhusu mtu wa umma ambaye kauli zake za jana na leo ziko wazi kwa kila mtu. Mshairi na mwandishi wa hadithi. Watu wa barazani. Watangazaji pia husema "hali ya hewa ya kigeugeu", na katika maongezi mepesi sioni tatizo, maana hakuna atakayedhani mvua ya vuli imevunja ahadi. Katika taarifa inayokwenda benki au ofisi ya kata, nisingelitumia.

Kubadilikabadilika, na hu- peke yake

Hili linakwenda na chochote: mtu, bei, joto, ratiba, sauti, rangi ya maji. Halina lawama. Likiwekwa kwa mtu, "anabadilikabadilika", huanza kunusa lawama kidogo, lakini bado uko mbali na kigeugeu.

Kuhusu mpangilio, angalia mrudio. Kiswahili kikirudia kitenzi, mara nyingi kinaonyesha jambo linalofanyika mara nyingi bila kutulia: kutembeatembea, kulialia, kutangatanga. Kubadilikabadilika ni hivyo. Linafaa pale ambapo huoni zamu. Ukiona zamu, huhitaji mrudio. Kiambishi hu- kinatosha. Virusi vya mafua hubadilika, ndiyo maana chanjo yake hutazamwa upya kila mwaka. Maji hupwa na kujaa. Ile hu- ndogo inasema kwamba hii ndiyo desturi ya kitu hiki. Watu wengi wanaotafuta jina zito la kuelezea tabia ya kubadilika wangefika mapema zaidi kama wangerudi kwenye kitenzi na kukipa hu-.

Mfano ulionishawishi zaidi ni wa akina mama wanaokausha na kuuza dagaa. Walikuwa wanaomba mkopo, na rasimu yao ilisema: "Changamoto yetu ni kuwa bei ya dagaa ni kigeugeu." Nikawauliza bei inapanda lini. Walijibu kwa pamoja: mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo vyombo vingi hupumzika, mzigo hupungua na bei hupanda. Kiza kikirudi, mzigo huongezeka na bei hushuka. Basi hapo hakuna kigeugeu, na hata kubadilikabadilika hakuna. Tukaandika: "Bei ya dagaa hupanda siku za mbalamwezi na kushuka siku za kiza, hivyo tunahitaji mtaji wa kununua na kukausha wakati wa kiza ili tuuze wakati wa mbalamwezi." Mkopeshaji akisoma sentensi ya kwanza anaona hatari. Akisoma ya pili anaona watu wanaoijua kazi yao.

Udhaifu wa neno hili ni urefu. "Kubadilikabadilika kwa viwango vya upatikanaji wa maji" inachosha kabla hujafika katikati. Kwa vitu vinavyohesabika, kama presha, sukari, joto na bei, "kupanda na kushuka" huwa jepesi zaidi na huonyesha njia mabadiliko yanakopitia. Linamfaa mwandishi wa taarifa, mwalimu, muuguzi anayeeleza hali kwa familia, na yeyote asiyetaka kumlaumu mtu.

Kuyumba

Hiki ni kitenzi cha vitu vyenye kusimama: chombo baharini, nguzo, meza yenye mguu mfupi. Kutoka hapo kikahamia kwenye soko, uchumi, imani na msimamo. Kinachoyumba kina mahali pake pa kutulia na kimetikiswa, na bado kinaweza kurudi. Hilo la kurudi ndilo linalolipa neno thamani yake, na ndilo linalosahaulika.

Chukua mkonge, maana hapa Tanga hatuwezi kuzungumzia bei bila kuutaja. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na mashamba yakatanda Muheza, Korogwe hadi Pangani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, ikiwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Baadaye kamba za plastiki zikaingia sokoni, mashamba nayo yakapatwa na misukosuko ya uendeshaji, uzalishaji ukateremka kwa miongo. Nimeona maandishi yakisema kwamba katika kipindi hicho chote "soko la mkonge liliyumba". Hapana. Kitu kikishuka miaka nenda rudi hakiyumbi, kimeporomoka. Kuyumba ni pale bei inapokwenda chini msimu huu, ikarudi msimu ujao, mkulima akashindwa kujua apande heka ngapi. Mwandishi akisema kuyumba mahali pa kuporomoka anawafariji watu kwa jambo ambalo halikuwapo, na waliofungiwa korona, yaani mitambo ya kuchakatia katani, wanalijua hilo.

Kuhusu lawama, kuyumba liko katikati. "Kiongozi ameyumba" ni kumkosoa, lakini kwa kumwachia mlango wa kurudi. Na kwa mtu binafsi lina heshima ya pekee. Mtu aliyeishiwa husema "mwezi huu nimeyumba kidogo", na anayemdai anaelewa bila aibu kumwagika. Jaribu kuweka neno jingine lolote la makala hii mahali hapo uone kama litakaa.

Linafaa kwa habari za biashara, uchumi wa nyumbani, na kwa kumzungumzia mtu unayetaka bado muelewane. Kwa vitu visivyo na mahali pa kutulia halifai. Rangi haiyumbi, wala ladha.

Tete

Tete linatofautiana na yote yaliyotangulia kwa jambo moja: kitu tete huenda hakijabadilika hata kidogo. Kimetulia sasa, lakini kinaweza kuharibika muda wowote, kwa kuguswa kidogo. Na mabadiliko yanayoogopwa ni ya upande mmoja tu, upande mbaya. Hakuna hali tete inayotarajiwa kugeuka kuwa neema.

Makazi yake ni habari: hali ya usalama ni tete, mazungumzo yamefikia pahali tete. Halina lawama kwa mtu yeyote, linatoa tahadhari. Kwa mtu, tete huelezea hali yake, siyo tabia yake.

Hatari iko kwenye simu. Bibi alikuwa amelazwa, sukari yake inapanda asubuhi na kushuka jioni, lakini anakula, anaongea, anauliza habari za kuku wake. Mjukuu akaandika kwenye kundi la ukoo: "Hali ya bibi bado ni tete." Kabla ya Isha, ndugu wa Lushoto na Handeni walikuwa wanatafuta usafiri, shangazi mmoja ameshaanza kulia, na mtu ameuliza kama sanda ipo. Msomaji wa ujumbe alifanya sawa. Tete kwa mgonjwa linamaanisha kwamba lolote laweza kutokea usiku huo. Kilichotakiwa kuandikwa ni: "Sukari ya bibi bado inapanda na kushuka, lakini anakula na anaongea."

Kwa hiyo lishike neno hili kwa uzito wake. Likihitajika, liandike bila kusita, maana kulificha nako ni kosa. Ndugu wana haki ya kufika mapema. Lakini liwe na sababu.

Mwepesi wa kubadilika, hakawii kugeuka

Haya hayapewi nafasi katika nyaraka, nami nayapenda kuliko yanavyothaminiwa. Kiswahili kina njia yake ya kusema kwamba kitu kina mwelekeo wa jambo fulani: mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusahau, hakawii kununa, hachelewi kulia. Kwa mabadiliko tunasema mwepesi wa kubadilika, au hakawii kugeuka. "Anga la Aprili halikawii kugeuka" ni sentensi ambayo mtu wa Pongwe na mtu wa Chumbageni wote wataisema bila kufikiri.

Faida yake ni kwamba yanataja mwelekeo bila kudai kwamba mabadiliko yanatokea muda wote. Mtu mwepesi wa kubadilika anaweza kuwa ametulia mwaka mzima. Ni kwamba hahitaji msukumo mkubwa. Kigeugeu halina nafasi hiyo. Lawama ya mwepesi ni ndogo na inategemea kinachofuata: mwepesi wa kujifunza ni sifa, mwepesi wa kukata tamaa ni masikitiko. Hakawii huelekea zaidi kwenye onyo, hasa likisemwa na mama mkwe.

Upungufu wao uko kwenye jina la hali. "Wepesi wa kubadilika" linawezekana, na linasomeka vizuri. "Kutokawia kugeuka" ni zito, liache. Yanawafaa wasimuliaji, waandishi wa barua za ndani ya familia, na mtu anayemwandikia kijana barua ya utambulisho akitaka kusema ukweli juu yake bila kumfungia riziki.

Badilifu na -siotabirika, kwa ufupi

Kwa kanuni, badilifu lingekuwa ndilo jibu. Mwenye kusahau ni msahaulifu, mwenye kuharibu ni mharibifu, basi mwenye kubadilika ni mbadilifu. Limo katika Kiswahili na halina kosa. Lakini watu hawalitumii sana, na jina lake la hali lina mtego: ubadilifu linakaribiana mno na ubadhirifu. Kikoba kimoja kilitaka kueleza kwamba michango ilikuwa ikipanda na kushuka, na rasimu ikasema "ubadilifu wa fedha za wanachama". Ilipokuwa inasomwa kwa sauti kabla ya kuchapwa, mweka hazina alisimama. Wote waliokuwa pale walisikia ubadhirifu. Katika kitabu cha shule au istilahi ya sayansi, ambako msomaji anaona herufi na kupewa maana, litumie. Karibu na neno fedha, kamwe.

-siotabirika linazungumzia mjuzi zaidi kuliko kitu. Mvua isiyotabirika ni ile ambayo sisi hatuwezi kuijua kabla. Huenda yenyewe inafuata sababu zake. Ni neno la haki na halina lawama, ila waandishi wa maandiko ya miradi wamelichosha. Kabla ya kuliandika, waulize wavuvi na wakulima kama kweli haitabiriki.

Nyumbufu, kunyumbulika

Hapa tumefika upande wa sifa. Kitu nyumbufu hupinda bila kuvunjika na hurudi kilivyokuwa. Wanafunzi wanalijua kupitia mnyumbuliko wa vitenzi, na siku hizi limeingia kwenye ratiba zinazonyumbulika na masharti nyumbufu. Lawama haipo kabisa. Linamsifu mtu au mpango kwa kuweza kwenda na hali. Mpangilio upo, kwa sababu kinachonyumbuka kina umbo lake la asili ambalo halipotei. Katiba ya kikoba inayoruhusu wanachama kuchelewesha hisa wakati wa mbalamwezi, kisha kufidia wakati wa kiza, ni nyumbufu. Inayobadilishwa kila mwenyekiti anapobadilika si nyumbufu.

Ugumu wake ni masikio ya watu. Wazee wengi hawalitumii, na mkutanoni utaona macho yakitafuta maana. Mbele yao sema "masharti yanalegezwa panapohitajika" au "anajua kwenda na hali", nao wataelewa vilevile. Kwa wasifu wa kuombea kazi na maandiko ya mipango, nyumbufu na kunyumbulika yanafaa sana.

Kwa hali uliyonayo

Ukiandika kuhusu mtoto, mfanyakazi au mgonjwa, kwenye karatasi itakayobaki, anza na kitenzi: hupanda na kushuka, inabadilikabadilika, ni mwepesi wa. Kigeugeu liache kwa mtu mzima mwenye ahadi alizozivunja hadharani, na uwe na ushahidi wa kauli zake.

Ukiomba fedha kwa kikundi, tafuta kwanza kama mabadiliko yana zamu. Yakiwa nayo, itaje zamu yenyewe, iwe ni mwezi, msimu au mwaka wa shule, na hutahitaji neno lolote kubwa. Yakiwa hayana, sema bei inayumba kama hurudi mahali pake, au imeporomoka kama haijarudi.

Ukitoa habari ya mgonjwa kwa walio mbali, amua kwanza kama unawaita au unawapa taarifa. Tete linawaita.

Ukitafsiri au kuandika somo la shule kuhusu vitu vya asili, eleza kinachotokea: petroli hugeuka mvuke upesi, virusi hubadilika, upepo wa maleleji hubadilikabadilika. Ukihitaji kivumishi cha kitaalamu, badilifu lipo, mradi ulieleze mwanzoni.

Ukimsifu mtu au mpango, nyumbufu kwa ofisi, anajua kwenda na hali kwa baraza.

Na yule kijana wa ushonaji, useremala na bodaboda: mwulize kwa nini aliacha. Kama kila fundi alimsomesha kazi akaimaliza, anajua kwenda na hali. Kama huacha kila kazi inapokuwa ngumu, ni mwepesi wa kukata tamaa, na hilo unaweza kumwambia mwenyewe uso kwa uso. Kama alichukua malipo ya awali ya wateja kabla ya kuondoka, basi tumia kauleni, au kigeugeu, na uandike tarehe za malipo hayo pembeni.